Watu wa Pangoni

"Muzee, nakuuliza mara ya mwisho," alisema Inspekta Katungu, ingawa ilikuwa mara ya nne kusema ni ya mwisho. "Picha iko wapi?"

Muzee Habarurema, sakristani wa Parokia ya Mtakatifu Tarsisi huko Ndosho, aliitazama meza. Alikuwa mzee mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, ametulia kama maji mtungini.

"Sina neno, Mama."

"Funguo za kanisa ni wewe tu uliye nazo. Jumapili picha ilikuwa ukutani. Jumatatu asubuhi fremu ni tupu. Nani aliingia?"

"Sina neno."

Mzinga ukalia upande wa Kibati na vioo vya dirisha vikatetemeka. Ilikuwa Novemba 2008. Tangu Rumangabo ianguke mikononi mwa waasi, mji wa Goma ulikuwa unalala umevaa viatu. Nje, barabarani, watu walikuwa wanashuka na magodoro vichwani, na wengine, Mungu anajua kwa nini, walikuwa wanapanda.

Katungu alitazama saa ya ukutani. Saa tano kasorobo. Sheria ilimpa saa arobaini na nane za kumshikilia mtu, nazo zingeisha saa kumi jioni. Hapo angemwachilia au angempandisha gari la gereza. Gereza lenyewe lilikuwa limejaa askari watoro wenye hasira, na mzee wa Masisi mwenye jina la Kinyarwanda, ambaye mtaa mzima ulishaamua kuwa ni mtu wa waasi, asingemaliza juma akiwa hai. Katungu alilijua hilo. Mzee naye alilijua, na bado alinyamaza, jambo lililomkera Katungu kuliko uongo wowote.

Komanda Adalbert, mkuu wake, alichungulia mlangoni.

"Katungu, unachelewesha nini? Yeye ndiye alikuwa na funguo. Na jina lake unalisikia."

"Jina si kosa, Komanda."

"Wiki hii ni kosa. Na usisahau yule mzungu wa misaada aliyekuwa anapiga picha lile turubai la kanisani kila siku. Ameuziwa, mi nakwambia."

"Mzungu alivuka kwenda Gisenyi siku nane kabla picha haijapotea. Nimepiga simu mpakani. Hajarudi."

Komanda alikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye askari sita na mji wa watu laki kadhaa. "Saa kumi," alisema, akaondoka.

Katungu alifungua dosie na kusoma kwa mara ya tatu maelezo ya mlalamikaji, Papa Edmond, mfanyabiashara wa mbao na mwenyekiti wa baraza la parokia. Yalikuwa yameandikwa vizuri, kwa mtu asiyebabaika mbele ya polisi:

*Picha ya rangi, upana mita mbili, kimo mita moja. Inaonyesha Wakristo wa kwanza wakisali kwa siri chini ya ardhi wakati wa mateso. Wamepiga magoti, wamevaa mashuka meupe. Binti mdogo ameshika taa. Mlangoni chukudu imeegemezwa kwenye jiwe. Mimi nilianza kusali katika parokia hii mwaka 2003, nilipofika Goma kwa mara ya kwanza kutoka Butembo.*

Sahihi kubwa, yenye mkia. Katungu akafunga dosie na kwenda Ndosho.

*

Kanisa lilikuwa halina nafasi hata ya kuweka mguu. Familia zilizokimbia zilikuwa zimelala juu ya mabenchi, chini ya mabenchi, kwenye ngazi, mbele ya kiti cha kuungamia. Watoto walikuwa wamejipanga kwenye sufuria kubwa ya uji, na mwanamke wa miaka kama ishirini na minne, aproni imelowa, alikuwa anawapimia kwa kikombe kimoja cha plastiki bila kuinua macho.

Fremu ilikuwa bado ukutani, upande wa kushoto. Katungu alipanda kwenye benchi na kuipapasa. Kitambaa hakikukatwa kwa wembe. Misumari ilikuwa imeng'olewa mmoja mmoja. Chini, kwenye kidirisha, alikuta kopo la sardini na ndani yake misumari ile, thelathini na minne, imenyooshwa, vichwa vyote upande mmoja.

"Mwizi gani ananyoosha misumari?" alijiuliza kwa sauti.

"Mama Inspekta." Yule mwanamke wa uji alikuwa amesimama nyuma yake. "Muzee amekula?"

"Nani wewe?"

"Julie. Napikia batu hapa."

"Tangu lini?"

"Wiki tatu. Tulikimbia Masisi."

"Na Muzee Habarurema ni nani kwako?"

Julie alikifuta kikombe kwenye aproni, ingawa kilikuwa safi. "Ananisaidiaka," alisema, na kurudi kwenye sufuria haraka kuliko uji ulivyohitaji.

Katungu alibaki na kopo lake. Kwa hiyo mzee ndiye aliyeitoa picha; hilo halikuwa na ubishi tena. Ni mtu wa sakristia tu, aliyezoea kukunja mavazi ya padri na kuhesabu mishumaa, ambaye akiiba anapanga na misumari. Lakini mtu anayeiba ili auze hatengi misumari ya kurudishia. Huyu alikuwa na nia ya kuirudisha picha ukutani. Sasa alikuwa anaiondoa machoni pa nani?

*

Muzee Onésime, mchora vibao, alikuwa na kibanda cha mbao kando ya barabara, na vibao vyake vilikuwa vimeenea Ndosho nzima: saluni, duka la dawa, maombi ya uponyaji, mikate. Katungu alimkuta amechuchumaa juu ya kibao cha kinyozi, anamchora mtu mwenye nywele zilizokatwa kwa pembe nne kamili.

"Karibu, Mama. Unataka kibao?"

"Nataka habari za picha ya kanisani. Ni wewe uliyeichora?"

"Ile ya Baroma?" Mzee alicheka, akatumbukiza brashi kwenye chupa ya petroli. "Ni miye. Sasa nasikia bameiiba. Ni mara ya kwanza mutu kuiba kitu yangu. Nalifurahi kidogo."

"Mtu angeweza kuikunja aifiche begini?"

"Hapana! Nalichora na rangi ya nyumba, juu ya hema ya wakimbizi ya tisini na ine. Ukiikunja inapasuka yote. Ile lazima ilale, tambarare, kama mugonjwa."

Katungu aliandika. "Kwa nini Wakristo wa kwanza?"

"Padri wa zamani ndiye alitaka. Akaniambia, chora Bakristo ba kwanza banasali kwa kujificha, chini ya udongo, kwa sababu serikali ilikuwa inabaua. Nikamwambia, Padri, Roma mi sijafika. Njo akanipeleka kwa batu ya Masisi. Balikuwa kumi na mmoja, mu vita ya tisini na sita balijificha pangoni, kule karibu na Kibati, siku tisa. Kila jioni banasali, lakini kwa sauti ya chini sana, ata amina hawaisemi. Padri akasema, chora hawa. Nguo tu weka ya Roma. Habarurema eko pale, nyuma kabisa, na ndevu."

"Habarurema alikuwa pangoni?"

"Yee ndiye aliongozaka sala."

Mzinga ukalia tena. Onésime alingoja umalize, akachora nyusi ya yule mteja wa kinyozi.

"Muzee, kuna mtu mwingine aliyekuja kukuuliza juu ya picha hiyo?"

"Papa Edmond, wa mbao. Ijumaa ya juma lililopita. Aliuliza yule mutoto mwenye taa ni nani, na siku hizi eko wapi. Nikamwambia mi nimesahau, angalia nyuma."

"Nyuma ya nini?"

"Ya picha! Mama, mi ni muchora vibao. Kila kibao, nyuma naandikaka jina ya mwenyewe, nisimpe kinyozi kibao ya muganga. Na ile nilifanya vilevile. Nyuma ya kila mutu, jina yake na kijiji yake. Alifurahi, akasema ataipeleka itengenezwe kwa gharama yake."

"Ilikuwa imeharibika?"

"Wapi! Rangi yangu?" Mzee aliudhika kweli. "Ni padri tu ndiye aliiharibu, ile mwaka ya tisini na munane. Bale batu balinieleza, balikuwa na chukudu, na juu yake mashini ya kushona. Haikuingia pangoni, mulango ni mwembamba. Bakaiacha nje. Asubuhi moja Ruffin, baba ya yule mutoto, akaona kwamba chukudu itabasaliti, akatoka kuificha mu majani. Njo akauawa."

"Na nani?"

"Na kijana aliyekuwa anabaongoza njia. Yee ndiye aliwaonyesha pango, na yee ndiye alirudi kwa ajili ya mashini. Hakuna aliyemuona vizuri, bengine bote balikuwa ndani sana. Mutoto tu, kwa sababu alisimama mulangoni na taa. Basi mi nikaichora ile chukudu, palepale mulangoni. Padri akacheka mpaka machozi. 'Onésime, Roma chukudu ilitoka wapi?' Akanilazimisha niifunike. Nikaweka nguzo ya mawe, nzuri kabisa. Tangu siku ile hakuna mutu ameiona tena."

Kalamu ya Katungu ilisimama.

Alifungua dosie juu ya goti, akatafuta mstari kwa kidole. Mlangoni chukudu imeegemezwa kwenye jiwe. Aliusoma na uso ukamwaka kwa aibu. Mara tatu alikuwa ameusoma mstari ule, na mara tatu ulimpita kama upepo. Mtu wa Goma haoni chukudu. Zinapita mbele yake tangu utotoni, baiskeli zile za mbao zisizo na pedali, zimebeba viazi, mkaa, makabati, bibi harusi. Ukimwambia kuna chukudu Roma, kuna chukudu mbinguni, atakubali tu na kuendelea na safari. Padri mmoja mgeni alikuwa ameliona jambo hilo kwa mara moja, na mpelelezi mwenye miaka kumi na mitano kazini hakuliona.

"Muzee, una hakika? Tisini na nane?"

"Kabla mutoto wangu wa mwisho kuzaliwa. Juu ya nini?"

Lakini Katungu alikuwa tayari amemsimamisha motari wa pikipiki barabarani.

*

Njiani, amemshika dereva kiunoni na vumbi jeusi likimjaa mdomoni, alilipanga jambo lote. Mtu aliyefika Goma kwa mara ya kwanza mwaka 2003 amekaa miaka mitano katika kanisa lenye picha ile, na hajui kwamba mlangoni pana nguzo. Hajui kwa sababu hajawahi kuitazama kwa makini. Anakaa upande wa kulia, anatazama mbele, anatoa sadaka. Halafu polisi wanamwomba aeleze kilichopotea, naye anaeleza, vizuri kabisa, bila kubabaika. Anaeleza alichokiona yeye mwenyewe asubuhi moja ya mwaka tisini na sita. Njia ya mwongo ni fupi, lakini huyu hata hakujua kwamba anaitembea.

Kanisani aliingia moja kwa moja mpaka katikati na kusimama. Kitu cha mita mbili kwa moja ambacho lazima kilale tambarare. Sakafu ilikuwa imejaa watu. Mabenchi yamejaa. Sakristia ilikuwa imejaa magunia ya unga na wanawake wawili waliojifungua. Katika jengo lile lote palikuwa na mahali pamoja tu palipo tambarare ambapo hakuna aliyelaza mtoto wala kutua mzigo.

Alipanda mpaka kwenye altare, akapiga ishara ya msalaba kwa sababu alilelewa vizuri na mama yake, akainua kitambaa cheupe. Chini yake kingine. Chini ya hicho, harufu ya rangi, na turubai la hema, uso umelala chini, mgongo juu. Majina kumi na moja kwa herufi nene za mchora vibao. Siku tatu padri alikuwa anasoma misa juu yake.

Alitafuta palipo binti mwenye taa. *Mukamugema, wa Ruffin. Masisi.*

"Usiitoe, Mama." Julie alikuwa chini ya ngazi. Kikombe cha plastiki kilikuwa bado mkononi.

Katungu alirudisha vitambaa, akavinyoosha kwa kiganja. "Edmond alikuona wapi?"

Julie hakujifanya kutoelewa. "Hapahapa. Jumapili yangu ya kwanza. Alisimama kusoma matangazo. Sikumtambua sura, nilitambua sauti. Siku tisa pangoni alikuwa anatuletea maji gizani, anasema, 'Mutulie, mutulie.' Nikaangusha beseni ya vikombe. Batu bote baligeuka. Na yeye akanitazama."

"Ukamwambia Muzee."

"Akaniambia ninyamaze. Alisema sasa si wakati, mutu mwenye jina kama yetu hakuna atakayemwamini, na ule ana marafiki mpaka kwa askari. Ule aliposema ataipeleka picha itengenezwe, Muzee akaificha, asisome jina yangu."

"Muzee hakukosea sana," alisema Katungu. Angetamani kusema vingine. "Sasa nisikilize. Saa hii ni saa tisa. Saa kumi wanampeleka gereza, na huko hatapona. Mimi nina neno moja tu, chukudu, kwenye karatasi. Edmond atasema alilisikia kwa watu, na Komanda atamwamini kwa sababu ni rahisi. Nahitaji mtu aliyeona."

"Nikisema, utaniweka wapi?"

"Sijui."

"Utanipa askari?"

"Askari wote wako Kibati."

Julie alikitazama kikombe. Nyuma yake watoto walikuwa wameanza kugonganisha mabakuli.

"Sikulazimishi," alisema Katungu, na alimaanisha, na alijichukia kwa kumaanisha. Akatoka.

*

Papa Edmond alikuwa ameshafika ofisini, kiti kizuri, koti la kijivu, simu mbili juu ya meza. Komanda Adalbert alikuwa amemtafutia soda.

"Mama Inspekta! Picha imepatikana?"

"Bado kidogo, Papa. Nakamilisha maelezo yako. Hii chukudu, iko upande gani?"

"Ya kushoto." Alionyesha kwa mkono. "Imeegemea jiwe kubwa. Mpini juu."

"Unaikumbuka vizuri."

"Naionaka kila Jumapili."

"Hapana. Tangu mwaka tisini na nane hapo pana nguzo. Chukudu ilifunikwa kwa rangi miaka mitano kabla hujakanyaga Goma. Uliiona wapi?"

Edmond alikunywa soda polepole, akaituliza chupa gotini.

"Basi niliambiwa," alisema. "Batu ya parokia banasemaka mengi."

"Nani alikwambia?"

"Batu."

"Jina moja tu."

"Mama, mi ni mwenyekiti, nazungumza na batu mia kwa siku." Alimgeukia Komanda, akatabasamu. "Nimekuja kusaidia, sasa naulizwa mimi?"

Komanda alitazama saa. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi. "Katungu," alisema kwa upole, "hilo ni neno moja tu." Akapiga kelele kwenye ukumbi wamlete mzee, gari liko tayari.

Walimleta Habarurema na pingu. Alitembea wima. Alipompita Edmond hakugeuza shingo, na Katungu akahisi hasira yake mwenyewe ikimpanda, hasira ya mtu anayejua kila kitu na hawezi kitu. Akachukua kalamu ili atie sahihi karatasi ya kumhamisha.

Kukawa na ubishi mlangoni. Askari alikuwa anasema, "Mama, huku hawaingii," na sauti ya mwanamke ikajibu kwamba yeye ameshaingia.

Julie alisimama katikati ya chumba, aproni imelowa, anahema. Alikuwa amekuja mbio kutoka Ndosho kwa miguu.

Hapo Muzee Habarurema, ambaye kwa siku mbili hakuwa ametoa maneno zaidi ya mawili, alipiga kelele.

"Ni miye! Andika, Mama Inspekta, niliiba! Niliiuza kwa bazungu, nilikula pesa! Huyu simjui. Mutoeni nje! Ni kichaa, mutoeni!" Machozi yalikuwa yanamtoka mpaka kwenye kola iliyofungwa. "Mupeleke mimi! Gari iko wapi?"

"Muzee," alisema Julie. "Umenificha. Inatosha sasa."

"Mwanangu, rudi."

"Sirudi."

Alivuta kiti, akakaa mbele ya Katungu, mikono juu ya magoti. Kwa Edmond hakutazama. Edmond ndiye aliyekuwa anamtazama, na soda ilikuwa inamwagika kwenye suruali yake bila yeye kujua.

Katungu aliisukuma kando karatasi ya kuhamisha na kuchukua nyeupe. "Lazima nikwambie. Nikishaandika siwezi kufuta. Jina lako litabaki humu, na kila mwenye cheo anaweza kulisoma."

"Andika."

"Jina?"

"Mukamugema. Baba yangu ni Ruffin. Aliuawa mbele yangu tarehe nane mwezi wa kumi na moja, mwaka wa tisini na sita, kwa sababu ya mashini ya kushona ya mama yangu. Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Aliyemuua aliniona, na mi nilimuona. Ni huyu."

Mizinga ya Kibati ilikuwa imenyamaza, au labda hakuna aliyeisikia. Edmond aliinuka, akakusanya simu zake, akasema ana mzigo wa mbao unamngoja, watamkuta nyumbani wakimhitaji.

Komanda Adalbert alikuwa bado ameshika funguo za gari la gereza. Alimtazama mzee mwenye pingu, kisha yule msichana, kisha soda kwenye suruali ya kijivu. Akaenda akaufunga mlango, akauegemea kwa mgongo wake.

"Kaa chini, Papa Edmond," alisema. "Mutoto anaongea."